Nyumba ya Kitambaa

Jumatatu, 13 Oktoba 1997

Mvua tena tangu saa nane. Sare za shule zimebaki bila pindo. Nimehamisha cherehani kutoka veranda ya duka hadi ndani na kuacha mlango wazi nipate mwanga. Uzi unanyonya unyevu na kukatika kila mara. Mama Cherono, jirani yangu, alikuja kuchukua aproni yake ya kuchumia majani ya chai, akaniuliza kama Nuhu amemaliza safina. Nikacheka kidogo. Siku hizi kila mtu ananiuliza hivyo. Mashua ya mume wangu iko nyuma ya nyumba ya kampuni, imekalia stuli nne kati ya kibanda cha kuku na kamba ya nguo. Hapa hata upande juu ya paa la kiwanda cha chai, ziwa hulioni.

Jioni Mzee wangu amerudi na jora la marikani, kile kitambaa kizito cha pamba, begani. Ameliweka mezani. Nimejua ni la nini. Nimelifunika na gazeti.

Jumatano, 15 Oktoba

Niandike mambo yalivyo, labda yatapungua uzito. Mzee anastaafu Desemba. Amekuwa seremala wa kiwanda tangu kabla hatujaoana. Nyumba hii ni ya kampuni na ufunguo unarudi siku ya mwisho ya mwaka. Kwao ziwani ana kiwanja kizuri, kimeteremka mpaka majini. Hana nyumba pale. Hawezi kujenga. Mbao angepata, yeye mwenyewe ni fundi. Kinachomzuia ni Opiyo.

Opiyo na Odongo ni pacha. Mzee wangu ndiye Odongo. Opiyo alitangulia kutoka, na huyu akamfuata kabla maji ya kumwogesha mwenzake hayajapoa. Hiyo tu. Kwa Wajaluo mdogo hajengi boma kabla ya mkubwa. Akijenga amemruka kaka yake, na chira inaingia, ile laana inayokula watoto na wajukuu. Opiyo yuko Mombasa miaka yote hii, ana mke huko, hajawahi kusimamisha hata nguzo moja nyumbani. Kwa hivyo mume wangu naye hana hata nguzo moja.

Kwetu Wakipsigis mtu akiwa tayari anajenga. Nilimwambia hivyo mwaka wa kwanza wa ndoa, na mwaka huu nimemwambia tena. Anatikisa kichwa polepole, vile mtu anamtikisia mtoto. Inaniudhi sana. Lakini wasichana wetu wana watoto wadogo, na mimi pia siwezi kusema tujaribu tuone.

Ijumaa, 17 Oktoba

Leo amesema wazi. Atapeleka mashua ziwani na atalala ndani yake, usiku kwa usiku, mpaka Opiyo atakapojenga. Mchana atavua, atalima kile kiwanja. Nishone hema la kufunika mashua, la kulalia.

Nikamwambia kuna vyumba vya kupanga pale sokoni kwao. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Nimekaa nyumba ya watu tangu ujana. Kwetu sitapanga."

Na nyumba za jamaa? Mtu mwenye wajukuu halali kwa mtoto wa ndugu kama mgeni. Simba yake ya ujana, kile kijumba kila kijana wa kwao anajengewa, ilianguka zamani. Nilitaja kila paa na kila paa lilikuwa na sababu yake. Mwishoni akasema, "Kwenye maji sijaruka mtu."

Nimeosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimepima. Ameingia ndani ya mashua, akajilaza chini na kunyoosha miguu, mikono kifuani. Nimemwambia asiweke mikono hivyo.

Hema litapita juu ya boriti la tanga, boriti litalazwa katikati kama mwamba wa paa, kitambaa kishuke pande zote mbili mpaka kingo za mashua na kufungwa kwa kamba chini. Amesema niongeze upana, nafasi iwe ya watu wawili. Mimi sijawahi kuingia majini zaidi ya magoti. Mtoni nilikuwa nachota na kukimbia. Nimemwambia ninashona la mtu mmoja. Hakubishana. Nimepiga chaki nikiwa na hasira na nimekata nikiwa na hasira, na mkono wangu ukiwa na hasira unakata sawasawa sana.

Jumatatu, 27 Oktoba

Kazi ya hema inakwenda jioni baada ya sare. Mshono nakunja mara mbili, kama wa suruali ya jinzi, maji yasipate njia. Nimevunja sindano mbili. Pembeni nimetoboa matundu ya kamba na kuyazungushia uzi kwa mkono mpaka kidole kimekufa ganzi.

Marikani mpya inalowekwa kwanza, inakauka, ndipo inakatwa. Najua. Nimewafundisha wasichana wengi hivyo. Lakini jua halijatoka tangu Mzee alete hiki kitambaa, na nguo za wateja zinaoza kwenye kamba. Nimekata hivyo hivyo.

Ni kazi nzuri. Nachukia kwamba ni kazi nzuri.

Jumatano, 5 Novemba

Habari njema, kumbe zipo. Mpwa wake ametoka Mombasa na salamu za Opiyo. Atakuja Krismasi. Wazee wa kwao wamesema akisimamisha hata kijumba cha udongo, alale humo usiku mmoja, inatosha. Mdogo wake yuko huru kujenga kesho yake.

Kijumba kimoja na usiku mmoja. Nimeimba nikipika. Nimelikunja hema na kuliweka juu ya kabati. Nimemwambia Mzee tuanze kuulizia mabati. Akasema ndiyo, ndiyo, lakini macho yake yalikuwa yanatafuta hema liko wapi.

Ijumaa, 14 Novemba

Mzee hakuacha kazi ya mashua hata siku moja. Anapaka mashua lami chini, anachonga makasia. Sasa anataka hema lichemshwe kwa magome ya miwati, ile miti ya kutengenezea ngozi. Baba yake alifanya hivyo kwa matanga, kitambaa kisioze. Nimewaagiza watu wa Londiani magome, lakini barabara imekuwa tope tupu na hakuna anayeshuka.

Basi nikasema, sisi tumezungukwa na nini hapa? Nimeomba kiwandani mifuko ya vumbi la chai, lile linalofagiwa sakafuni, nikalichemsha hema ndani ya pipa kutwa nzima. Chai nyeusi kama lami. Uwanja wote ulinukia kama hoteli. Mama Cherono akaja na kikombe, mwendawazimu yule. Tumecheka mpaka nimekaa chini.

Tumelitundika jikoni juu ya moto kwa sababu nje haiwezekani. Linadondoka maji ya kahawia sakafuni.

Alhamisi, 20 Novemba

Limepungua. Nimeivisha mashua hema leo na limepungua mkono mzima upande wa miguuni, na ubavuni limebana. Kichwa kitalala ndani na miguu itanyeshewa.

Nimesimama pale kwenye tope nikivuta kitambaa kama mjinga, kana kwamba kitaongezeka. Mimi fundi. Mtoto anayejifunza kushona vitambaa vya meza angejua. Nikamwambia Mzee nimekiharibu, nikangoja anikaripie. Akapapasa mshono kwa kidole gumba, akasema kimepata rangi nzuri.

Afadhali angenikaripia. Nimelia jikoni. Moshi umenisaidia kusingizia.

Jumamosi, 29 Novemba

Marikani ya rangi ile imekwisha, na hata ningepata ningelazimika kuchemsha upya. Nimetafuta ndani kitu kigumu. Nimeanza kukata pazia kuukuu, nikaliacha. Halafu nimeliona koti lake la kazi mgongoni pake, lile la kaki, zito kwa miaka ya kufuliwa. Limebakiza majuma machache ya kuvaliwa.

Nimemwuliza. Amelivua mwilini papo hapo, akabaki na sweta.

Koti limekuwa mlango wa hema, upande wa miguuni. Vifungo vyake ndivyo vya kufungia mlango, na nimeviweka kwa ndani ili aliye ndani aweze kutoka. Hilo nimelifikiria sana. Nimeota mashua imepinduka na yeye amefungiwa ndani ya kazi ya mikono yangu. Mfuko mmoja wa koti nimeuacha palepale. Kiberiti kitakaa kikavu humo.

Jumapili, 7 Desemba

Kiwanda kimemuaga Mzee. Soda, keki, hotuba ndefu ya mtu ambaye hajui hata jina lake la pili. Wamempa zawadi ya saa ya ukutani, kubwa, yenye kioo. Amewashukuru kwa unyenyekevu.

Saa ya ukutani. Ukuta gani?

Jumamosi, 13 Desemba

Tumejaribu hema. Mvua ilikuja yenyewe, hatukuiita. Mzee ameingia ndani ya mashua pale juu ya stuli, akafunga vifungo vya koti. Mimi nimesimama nje chini ya mwavuli nikiongea na kitambaa. Akasema ni kukavu kabisa. Nikataka kuona, nikaingia pia, nimejikunja miguuni pake.

Ni kweli. Mvua inapiga, marikani inavimba na kujifunga yenyewe, hakuna tone. Ndani kuna mwanga wa kahawia na harufu ya chai. Nimeshangaa. Halafu bega langu likagusa ubavu wa hema, na pale pale nilipogusa maji yakaanza kuingia, kwanza jasho, halafu tone, halafu mfereji. Hayakukoma hata nilipojiondoa. Kitambaa cha hivi ukikigusa kikiwa kimelowa umekifungulia mlango. Mzee alijua tangu utotoni. Hakuniambia kwa sababu alidhani kila mtu anajua.

Mtu mmoja aliyenyooka katikati hatagusa. Likiwa na watu wawili ndani lingevuja. Nimejiambia nilifanya vizuri kukata la mmoja. Sikujisikia vizuri.

Ijumaa, 19 Desemba

Udongo wa kukandika umetayarishwa kwao, fito zimekatwa, mpwa ameleta habari. Kila kitu kinamngoja Opiyo. Mzee amenyoa nywele. Mimi nimeshona shati jipya la Opiyo, kipimo nimechukua kwa mume wangu. Ni pacha, litamtosha.

Alhamisi, 25 Desemba

Hajafika. Tumekula kuku peke yetu.

Jumamosi, 27 Desemba

Ujumbe umepita kwa simu ya ofisi ya kiwanda, karani akautembeza mpaka nyumbani. Barabara ya Mombasa imekatwa na maji. Halafu kuna kura. Opiyo anasema baada ya kura, mambo yakitulia, ataangalia.

Ataangalia. Hata kama barabara imekatwa kweli, miaka yote ile mingine ilikuwa nzima. Nimesema hivyo kwa sauti. Mzee akasema, "Usimseme, ni mkubwa wangu." Wamepishana kwa muda wa mama kupumua. Nilitaka kuvunja kitu. Nimeichukua ile saa mpya, nikaishika, nikairudisha kwenye karatasi yake.

Tena nimemwambia ajenge. Usiku wa giza, asimwambie mtu. Akasema mimi ndiye nitakayehesabu wajukuu kila asubuhi. Ni kweli, ningewahesabu.

Jumatano, 31 Desemba

Ufunguo umerudi. Kijana wa ofisi amezunguka vyumbani akiangalia kama tumeng'oa taa.

Kamau wa Londiani amekuja na lori lake la viazi linaloshuka Kisumu. Wanaume wameinua mashua na kuilaza juu ya magunia, mlingoti umefungwa pembeni, hema limekunjwa ndani. Mama Cherono hakutania leo. Alishika mkono wangu. Mzee akapanda juu pamoja na mashua yake, hakutaka kukaa mbele na dereva. Nilimwona mpaka kona ya miti ya mikaratusi, ameketi wima ndani ya mashua, anapita juu ya mashamba ya chai.

Mimi nimepanda Kimulot kwa kaka yangu Kipkoech, na cherehani, na saa. Mzee hawezi kuja huku, mimi siwezi kulala kule. Tumetengana bila kugombana. Sikujua jambo hilo linawezekana.

Jumapili, 11 Januari 1998

Kimulot. Baridi ya msitu wa Mau inaingia mpaka kwenye mifupa. Kipkoech na mke wake wananifanyia wema. Maziwa asubuhi na jioni. Wamenipa chumba cha mwana wao aliye Bomet.

Leo baada ya kanisa nimejaribu. Nikamwuliza Kipkoech kama Mzee anaweza kuja kukaa hapa kwa muda, kipembe tu cha shamba. Alivua kofia, akaitazama ndani.

"Wewe ni dada yangu, kaa mpaka uchoke. Lakini yeye, hapana. Tangu ile miaka mibaya ya makabila kuchomeana nyumba watu bado wanaangaliana. Sitaki mtu aje hapa usiku akiuliza ni nani huyu."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliuma. Kule kwake ni mdogo mno kwa ndugu yake, na hapa ni Mjaluo.

Jumanne, 20 Januari

Nimeshuka Litein sokoni kutafuta vifungo na nimekutana na Kamau akiuza viazi. Nimemkamata mkono kabla hajanisalimia. Ameona mashua wiki iliyopita, kutoka barabarani.

"Mama, hiyo nyumba yako ya nguo niliiona. Iko katikati ya magugu. Haiendi mbele, hairudi nyuma."

Gugumaji, yale majani ya ziwani. Yanakuja na upepo usiku, asubuhi ghuba yote ni kijani kama shamba, na mashua iliyo ndani inafungwa. Ng'ombe anaweza kudhani ni malisho. Nimemwuliza kama alimwona mtu. Aliona moshi. Nimemwuliza ni moshi mwingi au kidogo. Kamau akaniangalia kwa huruma akasema moshi ni moshi, mama.

Moto ndani ya kitambaa. Sikununua vifungo.

Jumatano, 28 Januari

Hakuna habari. Mvua. Kipkoech anasema hajaona Januari ya hivi tangu azaliwe.

Nashona kwa sababu mikono haijui kukaa. Kila mshono nafikiria ule wa ubavuni. Je, nilirudisha uzi mwishoni, nikaufunga? Nadhani nilifunga. Naamini nilifunga. Hakuna njia ya kujua kutoka hapa.

Jumapili, 1 Februari

Nimeomba kanisani kwa ajili ya mshono. Sikumwambia mtu ninaombea nini.

Jumamosi, 7 Februari

Kamau ametuma neno kwa mwenye duka wa hapa. Ziwa limepanda. Limeingia mashambani, watu wa chini wamehama na mbuzi zao. Mashua hakuiona safari hii mahali ilipokuwa.

Nimekaa kwenye benchi la duka mpaka mwenye duka akaniletea maji ya kunywa. Hakuna mtu wa kukasirikia. Opiyo yuko mbali na mvua haina masikio. Niliye naye karibu ni mimi, niliyekata la mtu mmoja.

Jumatatu, 9 Februari

Nimemwambia Kipkoech ninakwenda ziwani. Akasema nitafanya nini huko, sijui kuogelea, sijui Kijaluo cha kutosha, sina pa kulala. Yote ni kweli. Mke wake amenifungia mursik, maziwa yetu ya mgando, kwenye kibuyu. Hakuniuliza kitu, amekifunga tu vizuri kwa kitambaa.

Jumamosi, 14 Februari

Nimefika. Naandikia gotini, mwanga bado upo.

Alfajiri Kamau alinichukua Kericho na kunishusha njia panda. Nikatembea na kibuyu, na blanketi, na saa ya ukutani. Sijui kwa nini nilibeba saa. Mwanamke mmoja akanionyesha njia, na njia ikaishia kwenye maji. Mbele yangu ziwa, kahawia, tulivu. Ndani ya maji yamesimama maua marefu ya mkonge, mstari mzima, kama nguzo za simu. Niliyajua. Mzee alinionyesha mkonge ule mwaka tulipooana. Ndio mpaka wa kiwanja chake.

Na ndani ya mpaka, mashua. Na juu ya mashua, hema langu.

Nikaita. Vifungo vya koti vikafunguka kimoja kimoja, kichwa kikatoka. Amekonda, ndevu nyeupe. Aliteremka majini na yakamfika kiunoni, akaja akitembea juu ya shamba lake huku anasukuma nyumba kwa mikono miwili. Nimekasirika sana kwa furaha. Nimemwambia ananuka samaki.

Ameeleza. Magugu yalimshika siku nyingi, akala samaki wa kuoka kwenye sufuria ya mkaa, nje ya hema, si ndani. Niliuliza mara mbili. Halafu maji yakapanda na upepo ukasukuma magugu, na mashua pamoja nayo, ikaingizwa taratibu hadi hapa, akaifunga kwenye mkonge. Hakuchagua. Kiwanja cha Opiyo kiko juu kidogo. Kikavu, kitupu. Fito zilizokatwa kwa ajili yake zimechipua majani kwa mvua.

Wazee wamekuja jana wakasimama ukingoni. Wamebishana kama hii ni nyumba. Hakuna nguzo, hakuna ukuta, haigusi ardhi. Na bado analala juu ya ardhi yake mwenyewe. Mmoja alisema ameruka, mwingine akasema anaelea tu. Wakaanza kunyeshewa, wakaenda.

Nimemwuliza maji yakishuka je. Akasema yakishuka atarudi nayo. Hapo sote tukatazama pengine.

Jua linazama. Hakuna gari la kurudi leo, na hata lingekuwepo nisingelipanda. Amenyoosha mkono. Nimempa kibuyu kwanza, halafu blanketi, halafu saa, halafu mimi. Ameniinua kama gunia na tumekaribia kupinduka.

Jumapili, 15 Februari

Imenyesha usiku kucha. Mshono wa ubavuni umeshika.

Hema ni dogo kwa wawili, kama nilivyolikata. Ili mabega yasiguse kitambaa ilibidi tulale kwa ubavu, mmoja nyuma ya mwingine, na kugeuka pamoja. Akitaka kugeuka alinigonga begani, nami nikageuka. Saa imelazwa miguuni, inagonga tu. Miwani yangu nimeiweka kwenye mfuko wa koti pamoja na kiberiti.

Chini yetu ni mahali ambapo jiko langu lingekuwa. Nilisikia maji yakipita hapo. Opiyo hajatuma neno. Sijui tutaamkia wapi mwezi ujao.

Asubuhi Mzee amepapasa kitambaa kwa ndani, kwa mgongo wa mkono, bila kukigusa sana. Kikavu. Amechungulia nje, amesema magugu yamesogea kidogo. Natengeneza chai.